Ngiri ya Mtoto Njiti: Wakati wa Kupasua na Wakati wa Kungoja

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili yanayofanana umbo na kutofautiana kabisa kimaana: ngiri mnyama, yule wa jamii ya nguruwe mwenye meno yaliyochomoza, na ngiri ugonjwa, ambapo sehemu ya utumbo hupenya kwenye uwazi wa ukuta wa tumbo na kujitokeza chini ya ngozi. Mwanafunzi wa semantiki huitaja jozi hiyo kuwa mfano wa homonimia, kisha akaendelea na mfano mwingine. Mzazi aliyeketi katika wodi ya watoto wachanga hana nafasi hiyo ya kuendelea. Akishaambiwa kwamba mwanawe aliyezaliwa kabla ya wakati ana ngiri, yeye hubaki na swali moja: atapasuliwa lini?

Kwa muda mrefu swali hili lilijibiwa kwa mazoea. Hospitali moja ilipasua kabla ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani, nyingine ikangoja, na kila moja ilikuwa na hoja zake. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani ambayo yaliegemea upande wa kungoja. Makala haya yanaeleza kwa nini swali lenyewe ni gumu, jaribio hilo lilionyesha nini, na kwa nini jibu lake haliwezi kuhamishwa hadi Kenya kabla ya kutazama mambo mawili: umbali uliopo kati ya nyumbani na hospitali, na maneno anayopewa mzazi anapoambiwa angoje.

Mtoto njiti na ngiri ya kinena

Mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati iwapo mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mnamo mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo duniani, yaani takriban mmoja katika kila kumi. Nchini Tanzania watoto hawa huitwa njiti, neno lile lile la kijiti cha kiberiti. Nchini Kenya aghalabu husemwa kwa kirefu kwamba mtoto alizaliwa kabla ya wakati, au kwamba ni mtoto wa miezi saba. Hapa litatumika neno njiti kwa kuwa ni fupi na lina picha, ijapokuwa halina upole mwingi.

Ili kufahamu ni kwa nini njiti hupata ngiri kwa wingi, ni sharti kurudi tumboni mwa mama. Korodani za mtoto wa kiume hazianzii mahali tunapozizoea. Huumbika ndani ya tumbo, karibu na mafigo, kisha hushuka polepole. Katika theluthi ya mwisho ya mimba hupita kwenye njia nyembamba ya kinena na kuingia katika mfuko wake. Zinaposhuka hufuatana na kipande cha utando unaolifunika tumbo kwa ndani, nacho hujinyoosha mithili ya mkono wa kanzu. Kwa kawaida mkono huo hujifunga karibu na wakati wa kuzaliwa. Mtoto akizaliwa wiki ya 26 au ya 28, kazi hiyo ya kufunga haijafanyika. Njia ingali wazi, na kila anapolia, anapokohoa, anapojikamua au anaposukumiwa hewa na mashine ya kupumulia, utumbo hupata upenyo wa kuteremka.

Wasichana nao wana mkono kama huo, ila mdogo zaidi. Ndiyo maana hupata ngiri ya kinena mara chache, na kinachoshuka kwao huenda kikawa ovari badala ya utumbo. Miongoni mwa watoto waliotimiza miezi yao, ni kati ya 1 na 5 katika kila 100 wapatao ngiri hii. Miongoni mwa njiti idadi hupanda hadi kati ya 10 na 30, na kadiri mtoto alivyozaliwa mdogo ndivyo uwezekano unavyoongezeka.

Kutokana na maelezo haya ni bayana kwamba ngiri ya mtoto haisababishwi na kitu alichokifanya mama, wala si ngiri ile ya mtu mzima aliyebeba mizigo mizito kwa miaka mingi. Hata upasuaji wake ni tofauti. Mtu mzima aghalabu hushonewa wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo. Kwa mtoto, daktari huutafuta ule mkono wa utando, akaurudisha utumbo mahali pake, kisha akaufunga mkono kwenye shingo yake. Maelezo ni mepesi kuliko kazi. Utando wa njiti ni mwembamba kama karatasi iliyolowa maji, na bega kwa bega nao hupita mshipa wa mbegu za uzazi na mishipa ya damu inayoilisha korodani.

Neno mshipa linahitaji kuangaliwa kwa makini, maana hapa ndipo lugha ya kila siku inapoweza kumpotosha mzazi. Wapo wasemaji wanaouita ugonjwa wenyewe mshipa. Wapo pia wanaochanganya ngiri na busha, ilhali busha ni maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani. Uvimbe wa kitovu, unaoonekana kwa watoto wengi, nao huitwa ngiri. Huo wa kitovu kwa kawaida hujifunga wenyewe, na madaktari huuacha hadi mtoto afikishe miaka 4 au 5. Mzazi aliyemwona mtoto wa jirani akipona kitovu bila dawa anaweza kudhani kwamba uvimbe wa kinenani utafuata njia hiyo hiyo. Mara nyingi haufuati.

Hatari mbili zinazovutana

Laiti ngiri ingekuwa uvimbe tu, kusingekuwa na haraka wala mjadala. Hofu ya madaktari ni kunaswa. Utumbo ulioteremka unaweza kubanwa na ule uwazi mwembamba ukashindwa kurudi. Ukiendelea kubanwa, damu hukatika na sehemu hiyo ya utumbo huanza kufa. Korodani iliyo karibu inaweza kufa pia kwa kukosa damu. Hatari hii ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka 2 waliongojeshwa zaidi ya wiki 2 tangu ngiri ilipogunduliwa walikuwa na uwezekano maradufu wa kunaswa wakilinganishwa na waliopasuliwa mapema. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, basi, shauri ni moja: apasuliwe bila kukawia.

Kwa njiti kuna hatari ya pili inayovuta upande wa pili, nayo ni pumzi. Sehemu ya ubongo inayoamuru kupumua haijakomaa, na mtoto huyu husahau kupumua hata akiwa amelala salama. Ndiyo sababu wengi wao hupewa kafeini, kemikali ile ile iliyomo katika chai na kahawa, ili kuuamsha ubongo. Nusukaputi huilemea sehemu hiyo changa. Mtoto anaweza kumaliza upasuaji vizuri, akaamka, kisha saa kadhaa baadaye pumzi ikasita. Mapafu yaliyokaa juma baada ya juma kwenye oksijeni huweza kurudi kwenye mashine ya kupumulia na kukataa kuachana nayo.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995, uliojumuisha watoto 255 kutoka tafiti nane, ulipima jambo hili kwa hesabu. Kwa mtoto aliyezaliwa wiki ya 32 na asiyekuwa na upungufu wa damu, hatari ya kusita kwa pumzi baada ya upasuaji ilishuka chini ya asilimia 1 pale tu alipofikisha wiki 56. Aliyezaliwa wiki ya 35 alifikia kiwango hicho wiki ya 54. Wenye upungufu wa damu walibaki hatarini hata umri uliposonga.

Wiki hizi hazihesabiwi tangu siku ya kuzaliwa. Huanzia kwenye hedhi ya mwisho ya mama, yaani wiki za mimba hujumlishwa na wiki ambazo mtoto ameishi nje ya tumbo. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 na ambaye sasa ana wiki 12 tangu azaliwe ana wiki 40 katika hesabu hii, umri ambao angekuwa ndio kwanza anazaliwa. Ili afikishe wiki 55 itabidi aishi nje kwa wiki 27, ambazo ni miezi sita na siku chache. Kwa hiyo njiti wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuwa na tarehe mbili tofauti kabisa za kupasuliwa.

Palikuwa na tumaini kwamba njia ya kutoa ganzi ingeumaliza mvutano huu. Badala ya kumlaza mtoto kwa nusukaputi, daktari humchoma sindano ya ganzi mgongoni, akapasuliwa akiwa macho. Jaribio lililohusisha watoto 722 katika hospitali 28 za nchi 7, wote wakipasuliwa ngiri ya kinena, lililinganisha njia hizi mbili. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba ganzi ya mgongoni hupunguza kusita kwa pumzi katika nusu saa ya kwanza, lakini kwa jumla ya saa zilizofuata tofauti haikuwa kubwa. Matokeo ya mwaka 2019 yaliwatuliza wazazi waliohofia akili za wana wao: walipofika miaka 5, watoto waliolazwa kwa nusukaputi ya chini ya saa moja hawakutofautiana kiakili na wenzao. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba waliozaliwa kabla ya wiki ya 26 hawakuingizwa katika jaribio hilo, ilhali hao ndio dhaifu kuliko wote.

Jaribio la mwaka 2024

Kati ya mwaka 2013 na 2021, hospitali 39 za Marekani ziliandikisha njiti 338 wenye ngiri ya kinena katika jaribio moja. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipasuliwa kabla ya kuruhusiwa kutoka wodi ya watoto wachanga. Kundi la pili lilienda nyumbani na ngiri yake, likarudi kupasuliwa baada ya kupita wiki 55 za ile hesabu iliyoelezwa hapo juu. Kila mtoto alifuatiliwa kwa miezi 10, na kila tukio baya zito likaandikwa: pumzi kusita kiasi cha kuhitaji msaada, kukaa kwenye mashine kupita kiasi, ngiri kunaswa, ngiri kurudi, korodani kuumia, hata kifo.

Matokeo yalichapishwa Machi 2024. Katika kundi la mapema, watoto 44 kati ya 159 walipatwa na angalau tukio moja kama hilo, nao ni asilimia 28. Katika kundi la baadaye walikuwa 27 kati ya 149, yaani asilimia 18. Watafiti walikokotoa kwamba uwezekano wa kungoja kuwa bora kuliko kuharakisha ulikuwa asilimia 97. Manufaa yalionekana zaidi kwa waliozaliwa kabla ya wiki ya 28 na kwa wale ambao mapafu yao yaliharibika kutokana na kukaa sana kwenye oksijeni na mashine. Siku za kulazwa pia zilielekea upande huo huo: mtoto wa katikati katika kundi la mapema alilazwa siku 19 katika ile miezi 10, na mwenzake wa kundi la baadaye siku 16.

Tena lilijitokeza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Asilimia 11 ya watoto walioambiwa wangoje hawakuhitaji upasuaji tena, kwa kuwa ngiri ilikuwa imetoweka yenyewe. Katika kundi la mapema walikuwa asilimia 4. Ule mkono wa utando, yaelekea, huendelea na kazi yake ya kujifunga hata nje ya tumbo la mama, endapo utapewa muda. Si idadi ya kumfanya mzazi aiache miadi, kwani karibu watoto tisa katika kila kumi walibaki na ngiri yao. Ila inatosha kuonyesha kwamba kupasua mapema kuliwahi kuwafikisha mezani watoto wachache wasiokuwa na haja.

Wanaotetea upasuaji wa mapema wana hoja ya haki ambayo takwimu hizi haziifuti. Mtoto anapotoka wodini, ulinzi wote wa hospitali huhamia mikononi mwa familia. Ngiri ikinaswa usiku wa manane akiwa wodini, muuguzi yuko hatua kumi. Ikinaswa nyumbani, hatua hizo hugeuka kilomita.

Umbali

Hapa ndipo jaribio la Marekani linapohitaji kusomwa upya na msomaji wa Kenya. Kungoja kulikopimwa katika hospitali zile 39 kulikuwa kungoja kwa mtoto anayejulikana, mwenye tarehe ya kurudi na watu wa kumfuatilia. Nchini Kenya madaktari wapasuaji wa watoto ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa. Vivyo hivyo wataalamu wa kutoa nusukaputi kwa kiumbe cha kilo tatu. Mama wa Lodwar ambaye mwanawe alilazwa Eldoret hurudi nyumbani kwa safari ya mamia ya kilomita. Ngiri ikinaswa huko, saa zinazopotea barabarani ndizo saa ambazo utumbo unakufa.

Hata hivyo umbali huo huo una upande wake wa pili. Mahali ambapo hakuna mashine ya kutosha ya kumsaidia njiti kupumua baada ya upasuaji, kumpasua mapema ni hatari kuliko ilivyo Marekani, wala si pungufu. Kwa hiyo ufinyu wa vifaa unamsukuma daktari angoje, na urefu wa njia unamsukuma apasue. Hakuna jaribio la nchi nyingine linaloweza kumwamulia. Mtoto mwenye mapafu mabovu ambaye familia yake inaishi kilomita chache kutoka hospitali ya rufaa ana kila sababu ya kungoja. Mtoto aliyekwisha kuacha oksijeni, aliyenenepa, ambaye ngiri yake imewahi kunaswa mara moja, na ambaye kwao ni mbali, ana hoja nzito ya kupasuliwa kabla ya kuondoka. Aliyenaswa ikashindikana kabisa kurudishwa hana mjadala: hupasuliwa usiku huo huo. Ikiwa daktari amefaulu kuurudisha utumbo kwa mkono, kwa kawaida huacha siku moja au mbili zipite ili uvimbe upungue.

Maneno ya kungoja

"Mama, nenda nyumbani, utamrudisha akikua." Sentensi kama hii inaweza kutamkwa kwa nia njema kabisa, na mwanaisimu ataona tatizo lake mara moja. Mofimu -ki- katika "akikua" inabeba sharti lakini haibebi tarehe. Mtoto amekua lini? Akianza kukaa? Akiota meno? Isitoshe, sentensi hiyo haimwambii mama kwamba kuna jambo la kuangalia wakati anangoja. Kwake inaweza kusikika kama kufukuzwa kwa heshima.

Kiswahili kina neno linalofaa zaidi kuliko linavyotumiwa. Kungoja si kukaa bure. Mngoja mlango ni mlinzi wake. Mzazi anayengojea ngiri ya njiti amepewa zamu ya ulinzi, na mlinzi huambiwa anayemlinda ni nani na adui anafananaje. Uvimbe laini unaojitokeza mtoto akilia na kurudi akitulia si wa kutisha. Uvimbe uliokuwa ukirudi kisha ukakataa kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu, ngozi yake ikabadilika rangi, mtoto akalia asibembelezeke, akakataa kunyonya, akatapika, hasa matapiko ya kijani, tumbo likajaa: huo umenaswa. Si wa kusubiri mapambazuko, si wa kukandwa kwa maji moto, wala si wa kufungwa sarafu. Ni wa kupelekwa hospitali papo hapo. Kwa msichana, kijivimbe kidogo kigumu kinenani kisichorudi huenda kikawa ovari, nacho kichunguzwe haraka hata kama mtoto hatapiki.

Tafsiri za neno kwa neno hazisaidii hapa. Mhudumu akisema kwamba ngiri "imefungwa", akikusudia kunaswa, mzazi anaweza kuelewa kwamba tundu limejifunga na mtoto amepona, maana iliyo kinyume kabisa. "Kunaswa" ni neno ambalo mfugaji, mvuvi na mwindaji hulielewa bila kamusi: kitu kimeingia mahali na hakiwezi kutoka. "Kunyongwa" linafaa hatua inayofuata, damu inapokatika. Hata "nusukaputi", neno lililozoeleka katika maandishi, huhitaji kuelezwa kuwa ni usingizi wa dawa, na kwamba hofu ya daktari ni pumzi ya mtoto baada ya usingizi huo, si kisu.

Tarehe nayo inaweza kutolewa waziwazi. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 mnamo tarehe 3 Machi hutimiza wiki 55 tarehe 8 Septemba. Hesabu hiyo humchukua muuguzi dakika moja, na nafasi ya kuiandika ipo katika kijitabu cha kliniki ambacho mama hubeba kila aendako: siku ya kurudi baada ya tarehe hiyo, jina la kinena kilichovimba, wa kulia au wa kushoto, na nambari ya simu ya wodi ya kupigwa usiku uvimbe ukikataa kurudi.